Namna ya kuhakiki Bloons TD 6: anza na rangi, malizia na hesabu

Hakiki nyingi za gemu za kulinda njia kwa minara huishia pale mwandishi aliposhinda ramani ya kwanza. Anasema picha zinapendeza, muziki unachangamsha, tumbili wana vituko, kisha anagawa nyota nne. Hayo yote msomaji keshayaona kwenye picha za dukani kabla hajapakua. Anachotaka kujua ni kimoja: siku atakaposhindwa raundi ya 63, ataelewa kwa nini? Gemu ikimwelewesha, atarudi kesho. Isipomwelewesha, ataifuta, hata ikiwa na rangi za upinde mzima.

Mfano tunaotumia hapa ni Bloons TD 6 ya kampuni ya Ninja Kiwi kutoka New Zealand, iliyotoka Juni 2018 kwenye Android na iPhone. Tumbili wanapangwa kando ya njia, maputo yanapita, kazi yako ni kuyapasua kabla hayajatoka upande wa pili. Hatua zilizomo humu zinafaa pia kwa gemu nyingine za jamii hii, ila nambari ni za hii.

Kabla ya raundi ya kwanza

Fungua daftari uandike toleo la gemu, aina ya simu na ukubwa wa RAM yake, tarehe, na namna ulivyoipata gemu yenyewe. Toleo ni muhimu kwa sababu bei na nguvu za tumbili hurekebishwa mara kwa mara kwenye masasisho. Hakiki isiyotaja toleo huanza kusema uongo bila mwandishi kujua.

Namna ulivyoipata inabadilisha hukumu. Toleo la kawaida unalilipia kulipakua, na ndani yake bado kuna vitu vya kununua kwa pesa halisi. Kwenye Apple Arcade kuna Bloons TD 6+, ambayo haina manunuzi ya ndani kabisa. Anayehakiki ile ya Arcade akaandika kwamba humo ndani hakuna kinachouzwa, atamponza mzazi anayemnunulia mtoto ile ya kawaida.

Anza na akaunti mpya. Hili watu hulipuuza, na ndilo linaloharibu hakiki nyingi kuliko kosa lingine lolote. Akaunti ya zamani ina Monkey Knowledge, yaani alama za kudumu zinazoongeza nguvu, kupunguza bei na kukupa nyongeza ndogondogo kila unapoanza. Kuna na Double Cash, kitu cha kulipia kinachoongeza mapato maradufu. Ukicheza na vitu hivyo halafu ukaandika kwamba gemu ni rahisi, umepima pochi yako. Kama huna budi kutumia akaunti ya zamani, sema hivyo katika aya ya kwanza.

Pima rangi kama lugha

Rangi za maputo zina hesabu ndani yake, na mhakiki anapaswa kuijua kwa kichwa. Puto jekundu hupasuka kwa pigo moja. La bluu lina jekundu ndani, la kijani lina la bluu, la njano lina la kijani, la pinki lina la njano. Pinki basi ni mapigo matano, na ndilo lenye mbio kuliko wenzake wanne. Jeusi na jeupe kila moja lina pinki mbili: 11. Puto la pundamilia lina jeusi na jeupe: 23. La madini ya risasi lina meusi mawili: 23 pia. La upinde wa mvua lina pundamilia wawili: 47. La kauri lina gamba la mapigo 10 na ndani yake upinde wa mvua mawili: 104. Ndege kubwa ya MOAB ina uhai wa 200 na kauri nne tumboni: 616. BFB, ndege kubwa zaidi yake, ina 700 na MOAB nne: 3,164. Hesabu hii inashika hadi raundi ya 80. Kuanzia ya 81 kauri zinabadilika, gamba linakuwa gumu zaidi na maputo ya ndani yanapungua.

Juu ya hesabu kuna kinga. Jeusi halidhuriki kwa milipuko, jeupe halidhuriki kwa baridi, pundamilia lina kinga zote mbili, la risasi halitobolewi na kitu chenye ncha, la zambarau linapuuza moto na nguvu nyingi za kichawi. Kwa hiyo rangi humwambia mchezaji atoe silaha gani. Kazi yako ni kupima kama inamwambia waziwazi.

Fanya hivi. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, tafuta sehemu ya kurekebisha rangi, uwashe kijivu. Kwenye iPhone ni Accessibility, Display & Text Size, Color Filters. Cheza raundi 30 za mwanzo bila rangi hata moja. Utaona maputo ya rangi tupu yanakaribiana sana, ilhali yenye michirizi, mikanda na nyufa yanabaki kutambulika. Sasa jiulize: hayo yanayochanganyana, yakichanganyana yana madhara gani? Jekundu na kijani yakifanana si msiba, maana yote mawili ni dhaifu na yote hupasuliwa na kishale chochote. Jeusi likifanana na la risasi ni balaa, kwa sababu dawa ya moja ni sumu kwa lingine: bomu linapasua la risasi na halifanyi kitu kwa jeusi. Hapo ndipo pa kukodolea macho. Usiishie kusema rangi zinafanana. Taja jozi na utaje madhara yake. Wanaume wengi kuliko wanawake huzaliwa wakishindwa kutenganisha nyekundu na kijani, na mtu huyo anastahili kuambiwa mapema.

Halafu kuna alama tatu zinazokaa juu ya rangi. Puto lenye umbo la moyo hujiotesha upya tabaka zake. Lenye mabaka ya kijeshi halionekani kwa tumbili asiye na macho ya kuliona. Lenye mikanda ya kuliimarisha lina uhai zaidi. Puto moja linaweza kubeba zote. Punguza mwanga wa skrini hadi nusu, toka nje saa sita mchana, uangalie kama bado unaona mabaka. Rudia sauti ikiwa imezimwa, maana wengi hucheza ndani ya daladala au matatu bila spika. Kishale kikigonga puto la risasi, unajuaje kwamba hakikuingia, kama husikii mlio wa chuma? Andika jibu.

Neno moja kwa wanaoandika kwa Kiswahili: ukisema tu "puto la risasi", msomaji mgeni atadhani linafyatua. Mara ya kwanza andika "puto la madini ya risasi", baadaye fupisha. Majina ya tumbili na mashujaa yaache kama yalivyo kwenye skrini, Dart Monkey, Quincy, Sniper Monkey, la sivyo hatayapata akiyatafuta.

Fuata pesa

Ugumu wa gemu hii uko kwenye pochi ya kuanzia. Kwa kawaida unaanza na $650 za mchezo. Katika kiwango cha Medium, Dart Monkey ni $200, kwa hiyo unaweka watatu na kubaki na $50. Au unamchukua shujaa Quincy kwa $540 na kubaki na $110. Katika Hard bei zinapanda kwa asilimia 8 na Dart Monkey anakuwa $215: watatu wanakula $645, unabaki na $5. Katika Impoppable ni $240, unaweka wawili tu, na uhai wako ni mmoja. Katika Half Cash, yaani mchezo wa nusu ya pesa, unaanza na $325 kwa bei za Hard: tumbili mmoja, na $110 mkononi. Mstari huu mmoja wa hesabu unamweleza msomaji ugumu kuliko aya nzima ya "inatoa changamoto".

Tazama pia pesa inavyoingia. Kila tabaka linalopasuka hulipa, na mwisho wa kila raundi unapewa $100 na nyongeza ya namba ya raundi yenyewe, yaani raundi ya 20 inakupa $120. Ukiuza tumbili unarudishiwa asilimia 70, hivyo Dart Monkey wa $200 anarudi $140. Kosa la kumweka mahali pabaya lina bei ya $60, ambayo ni haki. Gemu inayorejesha nusu au chini ya hapo inamwogopesha mchezaji kujaribu, na mhakiki anapaswa kulisema.

Shamba la ndizi ni kipimo kizuri cha iwapo uwekezaji una maana. Katika Medium Banana Farm ni $1,250 na bila maboresho linazaa $80 kwa raundi: raundi 16 ndipo linarudisha mtaji. Ukilinunua raundi ya 10, faida inaanza karibu na raundi ya 26. Ukilinunua raundi ya 35 kwenye mchezo wa raundi 40, umetupa pesa. Hakikisha nambari hizi kwenye toleo ulilonalo, kisha useme kama gemu inamsaidia mgeni kuifanya hesabu hiyo au inamwacha agundue kwa maumivu.

Raundi za kufika, na kwa nini Medium haitoshi

Easy inakwisha raundi ya 40, Medium ya 60, Hard ya 80, Impoppable na CHIMPS, mchezo wenye makatazo mengi, ya 100. Wahakiki wengi huishia Medium kwa sababu inaitwa ya kati na inaonekana ya haki. Tatizo ni kwamba inakwisha kwa BFB moja. Ni kubwa, inatisha, ila kwa hesabu ya juu ni mapigo 3,164. Raundi ya 63 haina ndege kubwa hata moja. Ina maputo ya risasi 75 na ya kauri 122, yanakuja kwa mafungu yaliyosongamana. Piga hesabu: 75 mara 23 ni 1,725, 122 mara 104 ni 12,688, jumla 14,413. Ni zaidi ya mara nne ya raundi ya 60, na aliyeishia Medium hakuiona kabisa.

Ndiyo maana hakiki ya kuaminika lazima ifike Hard. Mtu aliyejenga ulinzi wake kwa tumbili wanaopiga shabaha moja kwa nguvu, kama Sniper, atapita BFB salama salimini halafu azolewe na kauri raundi tatu baadaye. Je, gemu ilimwonya? Kwa maoni yetu hapa Bloons TD 6 ina upungufu wa kweli: mgeni haonyeshwi orodha kamili ya kinachokuja raundi ijayo, anaijua kwa kushindwa au kwa kusoma kwingine. Lakini ukishindwa, sababu inaonekana kwa macho, na hilo linaiokoa.

Mpango wa kucheza unaotosha kuandika kwa ujasiri ni huu:

1. Monkey Meadow kwa Easy bila kusoma mwongozo wowote. Angalia raundi ya 24, ambapo puto la mabaka linakuja kwa mara ya kwanza, moja tu, la kijani. Angalia raundi ya 28, ambapo la risasi linaingia. Dart Monkey mwenye maboresho mawili ya njia ya tatu (njia zinaelezwa hapa chini) ataona la kwanza; la pili linahitaji bomu au kitu kama hicho.
2. Ramani hiyohiyo kwa Hard hadi raundi ya 80, ambapo ZOMG, ndege kubwa kuliko BFB, inakuja. Usibadili ramani, ili kinachobadilika kiwe ugumu peke yake.
3. Ramani moja ya daraja la Advanced au Expert, hata ukishindwa. Unataka kuona umbo la njia linavyobadilisha mkakati, hasa penye maji, maana Monkey Sub na Monkey Buccaneer hawakai nchi kavu.
4. Half Cash ama CHIMPS, ukiweza kuzifungua. Hizi zinafunguka kwa kumaliza aina nyingine za Hard kwenye ramani hiyo, kwa hiyo tenga siku kadhaa.

Tukilazimishwa kuchagua moja katika hizo mbili za mwisho, ni Half Cash. CHIMPS inakataza kuendelea baada ya kushindwa, kupoteza uhai, mapato ya ziada, Monkey Knowledge, vitu vya nguvu na kuuza tumbili. Ni mtihani wa waliobobea. Half Cash inaonyesha upesi kama kila tumbili ana thamani ya bei yake, na hilo ndilo mnunuzi anataka kujua.

Kila ukishindwa, usibonyeze kuanza upya kabla hujaandika sentensi moja: puto gani lilipita, lilikuwa na kinga gani, ulikosa nini. Ukimaliza zoezi lote soma sentensi hizo. Ukikuta kadhaa zimeandikwa "sijui", hapo una jambo la kuhakiki, na utaweza kutaja raundi yenyewe badala ya kulalamika kwa jumla.

Maboresho: hesabu chaguo la kweli, usihesabu vitufe

Kila tumbili ana njia tatu za maboresho, kila njia ngazi tano. Unaruhusiwa kutumia njia mbili tu, na moja kati yake haivuki ngazi ya pili. Wachezaji huandika ngazi hizo kwa tarakimu moja kwa kila njia, hivi: 5-2-0, au 0-2-4. Weka maelezo ya mfumo huu mapema katika hakiki yako kwa sababu mabishano yote ya gemu hii yanatumia lugha hiyo.

Jaribio ni rahisi ila linachukua muda. Chukua tumbili mmoja, cheza ramani moja mara tatu kwa Hard, kila mara ukimpeleka njia tofauti hadi ngazi ya nne. Kama mara zote tatu uliweza kushinda kwa namna tatu, maboresho ni chaguo halisi. Kama njia mbili zilikuwa pambo na moja ndiyo iliyofanya kazi, sema. Badili pia shabaha zake, First, Last, Close na Strong, maana tumbili yuleyule pahala palepale anaweza kushinda au kushindwa kwa sababu ya kitufe hicho tu, na kiko mahali ambapo mgeni hakioni haraka.

Simu, bando na betri

Hapa ndipo msomaji wetu anapofaidika na hakiki ya Kiswahili kuliko ya mahali pengine. Usipime kwa simu ya bei ya juu peke yake. Tafuta Tecno au Infinix yenye RAM ya GB 3 au 4, maana ndizo zilizo mifukoni. Washa mwendo wa haraka, fika raundi ya 80 na kuendelea ukiwa na tumbili wengi uwanjani, uone kama picha zinakwama. Raundi za mwanzo hazikwami kwenye simu yoyote, kwa hiyo kuandika "inakwenda vizuri" baada ya dakika kumi hakuna maana.

Betri: chaji hadi mia, mwanga wa skrini nusu, cheza saa moja kamili, andika asilimia iliyobaki na kama mgongo wa simu umepata joto. Intaneti: weka hali ya ndegeni uone nini kinafunguka. Ramani za kawaida za mchezaji mmoja zinachezeka bila mtandao. Kucheza na wenzako, hadi wanne, na matukio ya muda kama ya maputo wakubwa akina Bloonarius vinahitaji data. Kwenye mipangilio ya simu angalia gemu imetumia MB ngapi kwa wiki ya kucheza, utenge na za kupakua sasisho, kwa sababu sasisho moja linaweza kula bando kuliko wiki nzima ya kucheza.

Ukikaa kuandika

Tanguliza kasoro kubwa na sifa kubwa katika aya mbili za mwanzo, kwa nambari. Picha za skrini tatu zinatosha: moja ya raundi ya mwanzo, moja ya raundi ya 63 katikati ya vurugu, moja ya kijivu. Hiyo ya kijivu hakuna anayeiweka, na inaeleza zaidi ya nyingine zote.

Kuhusu manunuzi, orodhesha kinachouzwa, kisha sema ulifika wapi bila kununua. "Nilimaliza Hard ya ramani tatu bila kulipa tena" ni ushahidi. "Si lazima ulipe" ni maoni tu.

Nyota, kama ni lazima uzitoe, zigawe kwa mafungu: kusomeka kwa rangi, haki ya pesa, kushindwa kunakoelezeka, simu. Mtu mwenye simu ya GB 3 ataruka moja kwa moja hadi fungu lake.

Sasisho kubwa likija, huna haja ya kuanza upya. Fungua Hard, angalia kama Dart Monkey bado ni $215, cheza hadi raundi ya 63 kwa mpangilio uleule uliouhifadhi, kisha zima data ujaribu kufungua ramani. Kama kimoja kimebadilika, ongeza mstari juu ya hakiki wenye tarehe na namba ya toleo jipya.